Nukta Mbili katika Daftari la Mwalimu

Kwanza ilikuwa sauti ya pete ikigonga ubao, mara mbili kwa haraka, kisha kimya kifupi, kisha jina la mtoto mwingine. Nilikuwa na umri wa miaka sita. Nilikaa upande wa wasichana, nyuma ya pazia la leso lililokigawa chumba cha madrasa yetu pale Gazi, na kila alasiri Mwalimu alipoita mahudhurio ya wavulana nilisikia hivi: Abdalla, Bakari, Fadhili, Hamisi, ko-ko, Mbaruku. Niliingiwa na hofu. Niliamini kwamba kati ya Hamisi na Mbaruku palikuwa na mtoto ambaye jina lake likitajwa litaleta balaa, na wakati wa kurudi nyumbani nilihakikisha ninatembea katikati ya wenzangu ili mtoto huyo asinikute ukingoni. Sikumwuliza mtu yeyote. Kufikia mwaka uliofuata nilikuwa nimeizoea sauti ile kama mtu anavyozoea mlio wa kapi la kisima cha kwao, na nilipoondoka madrasa nikiwa na miaka kumi na miwili nilikuwa nimeacha hata kuisikia.

Ninaanza na sauti hiyo kwa sababu ndiyo iliyoibomoa sura ya tatu ya tasnifu yangu, na kwa sababu siwezi kumweleza Mwalimu bila kuieleza. Mengine ambayo kwa desturi hutangulia, yaani mahali alipozaliwa na ukoo wake, nitayaacha. Hakuwa mtu wa kuyataja, nami sikuwahi kuyauliza.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo kuliko umbo lake. Alifundisha akiwa ameketi kwenye kiti cha kamba, na mbele yake palikuwa na kasha la mbao ambalo lilikuwa meza yake, sanduku lake la madaftari na, kama nilivyotambua baadaye, ala yake. Pete aliivaa kidole cha kati cha mkono wa kulia, pete ya fedha iliyochakaa upande mmoja tu. Mtu makini angejiuliza kwa nini upande mmoja. Mimi niliajiriwa kama msaidizi wa utafiti kwa sababu ya umakini wangu, nami niliitazama pete ile kwa miaka mingi.

Katika kusomesha hakuwa na huruma kwa herufi. Mtoto aliyemeza herufi moja ya Kurani alirudishwa mwanzo wa aya, na akiimeza tena alirudishwa mwanzo wa sura. Hakupiga. Alisema tu, "Kuna aliyebaki njiani. Rudi ukamchukue." Tulirudi tukamchukua. Na ukali huohuo aliutumia kwa majina ya watu. Majina ya utani aliyapiga marufuku ndani ya madrasa. Mvulana aliyekuwa akiitwa Kichwa na kijiji kizima, mama yake akiwamo, kwa Mwalimu alikuwa Fadhili bin Rashidi, akaitwa hivyo kila siku mpaka wenzake wakachoka kumcheka.

Wazazi walipoleta watoto aliandika jina lile walilolitaja wao, herufi kwa herufi, hata kama halikumpendeza. Nilikuwapo siku ambayo mama mmoja kijana wa Ukunda alimleta mwanawe.

"Anaitwa nani?"

"Rayani, Mwalimu."

"Umelipata wapi jina hili, mwanangu?"

"Kwenye simu. Unaandika tu, yanakuja mengi, unachagua."

"Na hiyo simu, yenyewe inaitwa nani?"

Yule mama akacheka mpaka mtoto akaanza kulia. Mwalimu hakucheka. Aliliandika Rayani kwa mwandiko wake mwembamba, akalipulizia wino ukauke, kisha akamwita mtoto kwa jina hilo mara tatu ili ulimi wake ulizoee. Wiki hiyohiyo alikuja baba aliyesilimu, mtu wa bara aliyefanya kazi hotelini Diani, na mwanawe Brayani. Mwanamke mmoja mlangoni alishauri kijana atafutiwe jina lingine. Mwalimu alimjibu bila kuinua kichwa, "Baba yake yupo hapa. Wewe ni baba yake?"

Paka wake, hata hivyo, hakuwa na jina. Alimwita Wewe. Na simu, ambazo alizilaumu kwa kuwafanya watoto wasinzie, alizipenda kupita kiasi. Alinitumia jumbe za sauti ndefu nilipokuwa chuo kikuu, nusu yake dua, nusu yake habari za nani kaoa, zikiishia katikati ya sentensi kwa sababu kidole chake kilichoka. Alikunywa kahawa chungu isiyo na sukari na kuwashangaa wanaoweka sukari, huku kwenye mfuko wa kanzu yake mkijaa peremende za ukwaju. Alijua habari za kila familia kuanzia Msambweni mpaka Majoreni: nani alisoma mwaka gani, kwa baba yupi, aliishia juzuu ya ngapi. Kumbukumbu yake ilinitisha kidogo.

Ndiyo maana nilipaswa kushtuka siku niliyomsindikiza ofisi ya vitambulisho. Kitambulisho chake kilikuwa kimepotea, na karani, kijana mpole aliyemwita Bibi, alihitaji jina kamili la marehemu mumewe.

"Hassani," alisema Mwalimu.

"Hassani nani, Bibi?"

"Hassani."

"Baba yake Hassani aliitwaje?"

Mwalimu aliangalia dirishani. "Nimesahau," alisema.

Nilichukua cheti cha kifo kutoka kwenye bahasha yake, nikamsomea karani kwa sauti: Hassani Masudi. Mwalimu alijifanya anatafuta peremende mfukoni. Njiani niliwaza kwamba uzee umeanza kumfikia, nikahuzunika. Katika daftari langu la kila siku niliandika sentensi moja kuhusu huzuni hiyo. Kuhusu jina sikuandika chochote, na wakati huo nilikuwa tayari ninaandika tasnifu nzima juu ya jina hilohilo.

Nilifanya utafiti juu ya kupanda na kushuka kwa jina la Masudi miongoni mwa wavulana wa pwani hii ya kusini. Nililichagua kwa sababu lilionekana kufa mbele ya macho yetu. Katika kizazi cha babu zetu kila nyumba ilikuwa na Masudi wake, nyingine wawili, kwa kuwa mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake na jina hivyo huruka kizazi na kurudi. Leo ukimwambia mama kijana wa Diani amwite mwanawe Masudi atakutazama kama umemwambia amvike koti la babu yake. Nilitaka kujua ni lini hasa jina lilianguka. Vyeti vya kuzaliwa havikunisaidia, maana wengi waliandikishwa wakiwa wakubwa. Madaftari ya madrasa yalinisaidia. Ya Majoreni na Msambweni yalikuwa machache na ya karibuni. Ya Mwalimu yalijaza kasha zima, na ya zamani zaidi aliyaandika marehemu mumewe kabla yake. Utafiti wangu wote uliegemea kasha lile.

Mwalimu alinipa bila kusita. "Chukua. Usiyalowanishe." Nilikaa nayo miezi. Kila jina nililiingiza kwenye jedwali. Palipokuwa na mistari isiyokamilika, yenye nukta mbili za wino mahali pa jina na kufuatiwa na jina la baba tu, mathalani nukta mbili "wa Omari", niliipanga chini ya kichwa nilichokibuni mwenyewe: Jina halikuandikwa. Kisha, kama tulivyofundishwa kufanya na kumbukumbu pungufu, niliiondoa kwenye hesabu. Grafu iliyobaki ilikuwa nzuri mno. Masudi alikuwa juu miaka yote ya mume, halafu akaanguka ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo, na hakuinuka tena. Mwaka wa kuanguka ulikuwa uleule mwandiko mnene wa mume ulipokoma na mwandiko mwembamba ulipoanza. Hilo nililiona. Niliandika tanbihi: "Mwaka huu mwandishi wa daftari alibadilika." Nikaendelea kueleza kuanguka kwa jina kwa hoteli, kwa simu, kwa majina mapya ya kisasa. Jopo lilinisifu. Msimamizi wangu, ambaye si mwepesi wa kusifu, alisema sura ya tatu ndiyo inayoibeba tasnifu, na akaiombea nafasi katika kitabu anachokihariri.

Nilirudi Gazi kumrudishia Mwalimu madaftari yake. Nilifika alasiri, mahudhurio yakiitwa. Pazia la leso liliondolewa zamani. Wavulana na wasichana walikaa pande mbili za jamvi na ningeweza kuwaona wote. Nilisimama mlangoni na mzigo wangu nikingoja amalize. Hamisi. Ko-ko. Mvulana wa miaka minane hivi akasimama, akasema, "Nipo, Mwalimu," akaketi. Mbaruku.

Walipotoka, mmoja alimkimbilia yule mvulana na kumvuta shati. "Masudi, umesahau kofia yako."

Nilimwamkia Mwalimu, nikamkabidhi madaftari, nikakataa kahawa kwa kisingizio nisichokikumbuka. Nilikwenda kuketi kwenye gogo karibu na mikoko, nikafungua kompyuta, nikairudisha mistari yote niliyokuwa nimeiondoa. Nukta mbili. Nukta mbili. Nilianza kuwauliza kwa simu watu niliowajua: mwana wa kwanza wa Omari anaitwa nani? Masudi. Na yule wa Hamisi Juma, aliyekwenda Funzi? Masudi. Nilipofika wa tano sikuweza kuendelea kuuliza. Jina halikuanguka. Lilikuwa limeendelea kuzaliwa, kukua, kusoma Kurani na kuondoka, kizazi baada ya kizazi, katika kasha lilelile, na mimi nilikuwa nimelifuta.

Kila mwanamke wa huku angeligundua hili kabla ya chai ya asubuhi. Mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Mama yangu mwenyewe, mdogo wangu alipopewa jina la babu yetu, alimwita Baba tangu siku ya kwanza na anamwita hivyo mpaka leo. Nililijua hili kama ninavyojua kuvua viatu mlangoni, na kwa sababu hiyo halikunijia akilini nilipokuwa nimekaa mbele ya jedwali. Kule nilikuwa mtu mwingine, mtu asiye na mama.

Kwa wiki tatu sikumpigia simu msimamizi. Nitajaribu kuwa mkweli kuhusu wiki hizo. Hakuna aliyejua ila mimi. Mwalimu hakusoma tasnifu, jopo halikusoma madaftari. Sura ikianguka, tasnifu inaanguka nayo, na muda wangu chuoni ulikuwa ukingoni. Niliandika barua pepe saba na kuzifuta zote. Nilijiambia kwamba labda nukta nyingine zilikuwa majina mengine. Nilijiambia kwamba kulieleza jambo hili kwa maandishi kungekuwa kumvua Mwalimu staha yake mbele ya wageni. Hoja hii ya pili ilikuwa nzuri, ndiyo maana niliishuku. Nililala kidogo. Simu ikilia, niliigeuza kifudifudi.

Kisha nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa Mwalimu, mfupi kuliko kawaida: yuko kitandani, miguu imevimba, daktari amemkataza kukaa kitini, madrasa ameichukua mwanafunzi wake wa zamani. "Njoo unione ukipata nafasi. Ukikosa, basi, dua."

Nilimkuta kitandani ukumbini, kasha likiwa limesogezwa karibu naye, paka akiwa juu yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Chuo kikuu hawapiki?"

"Wanapika."

"Basi huli." Alimsukuma paka. "Wewe, shuka. Keti hapo."

Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa mpangilio mzuri. Yote yalinipotea. Nilitoa daftari moja kashani, nikalifungua, nikamwonyesha. "Mwalimu, nukta hizi mbili ni nini?"

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko kidogo kikavu kilichomfanya akohoe. "Umesoma miaka yote hii ndiyo unaniuliza hilo? Ni Baba. Mkwe wangu. Nitamwandikaje mimi?"

"Na kwenye mahudhurio?"

"Niliwagongea. Wao walifurahi. Hakuna mwingine aliyegongewa kasha. Hamisi mmoja, yule mwenye kaptura ya kaki, alilia siku nzima akitaka naye agongewe. Kwani wewe ulidhani ni nini?"

Ningeweza kusema chochote. "Nilidhani hawana jina," nilisema. "Niliwaondoa. Nimeandika kwamba jina hilo limekufa, Mwalimu, na walimu wangu wamekubali."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu. Alinyoosha mkono, akalichukua daftari, akaliweka kifuani. Pete ilikuwa imelegea kidoleni.

"Umewaondoa," alisema mwishowe. "Watoto waliokuja hapa kwa miguu kila siku. Ulidhani mama zao waliwaleta bila jina?"

"Sikufikiri."

"Hapana. Wewe unafikiri kupita kiasi. Hukuuliza." Aliniangalia usoni kama alivyoniangalia nilipokuwa mdogo na kumeza herufi. "Kuna waliobaki njiani. Unafanya nini?"

"Narudi nikawachukue."

"Basi."

Nilimweleza kwamba nikirudi nitalazimika kueleza sababu, na sababu ni yeye. Kwamba watu asiowajua watasoma juu ya mkwe wake na nukta zake. Alifikiri juu ya hilo kwa uzito. Kisha akasema, "Eleza. Lakini eleza kwamba nilijua kuandika. Wasije wakadhani sikujua."

Nilitoa simu. Nilibonyeza namba ya mama kwanza, nikaikata. Msimamizi alipokea kwa furaha. Alidhani ninampigia kuhusu kile kitabu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa mpangilio, bila kujitetea: mwandiko, nukta, pete, mkwe. Nilimwambia kwamba sura ya tatu si kweli.

"Una hakika?" aliuliza. "Wote? Huenda baadhi ni majina mengine."

"Ninaye anayemjua kila mmoja wao. Yuko hapa."

"Huelewi unachokisema. Tasnifu inabaki na nini?"

"Sijui," nilisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tatu kuzungumza bila kuhesabu maneno. "Inabaki na hawa."

Alipumua. "Nisomee, basi. Tuone."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa amelifungua daftari la kwanza la mwandiko wake na kuliegemeza kwenye goti, kidole kikiwa juu ya mstari. Nilisema polepole kwamba nikisoma nitalitaja.

"Litaje. Si mkweo."

"Masudi wa Omari," nilisoma kwenye simu. Kando yangu pete iligonga kasha mara mbili.

"Huyo yupo," alisema Mwalimu. "Anapanda mikoko hapo chini."

"Masudi wa Hamisi Juma." Ko-ko. "Yupo. Funzi, anabeba watalii."

"Masudi wa Salimu." Ko-ko. "Huyo alitangulia, Mungu amrehemu. Lakini alikuwapo. Mwambie alikuwapo."

"Subiri," alisema msimamizi. "Nasikia kitu kinagonga. Ni simu yako?"

"Hapana," nilisema. "Ni Mwalimu wangu. Anaita mahudhurio."

Nilisikia kiti kikivutwa upande wake, kisha droo, kisha karatasi ikigeuzwa.

"Rudi kwa wa kwanza," alisema. "Taratibu, niandike."